Makaburi ya Kasigau na njia ya misafara: mbona Wapwani hatujioni humo?

Ukimtajia mtu wa Pwani mambo ya kale, fikra zake huenda Gede, Jumba la Mtwana, Takwa, Fort Jesus, au magofu ya Shanga kule Pate. Hayo ndiyo tuliyozoea: kuta za matumbawe, mihirabu ya misikiti, makaburi ya nguzo. Ni wachache watakaokutajia Voi. Kwa wengi wetu Voi ni pahali pa kushuka, kunywa chai na kunyoosha miguu kabla ya safari ya Nairobi kuendelea. Baada ya Mackinnon Road na msikiti wa Sayyid Baghali Shah twahisi tumeshaiacha Pwani nyuma, na kilichobaki ni nyika, ndovu na mkonge.

Mimi naona fikra hiyo ina kasoro, na katika makala haya nataka kueleza kwa nini. Katika ardhi ya Taita Taveta mna makaburi na njia ya kale ambayo, ikisomwa vizuri, inatusimulia sisi Waswahili habari zetu wenyewe. Ardhi hiyo yachimbwa kila siku, kwa barabara, kwa reli, kwa mawe ya thamani na kwa mashamba. Kikishachimbuliwa kitu bila ya mtu kukitazama, habari zake hazirudi tena.

Tuanze na njia

Mtu akisikia barabara ya kale asitegemee barabara ya mawe kama zile za Warumi. Njia ya misafara kutoka Mombasa kwenda bara ilikuwa njia ya miguu, nyembamba, ikipita mtu nyuma ya mtu. Haikuongozwa na ramani ila na maji. Msafara ulipotoka Rabai uliikata nyika ya Taru, na mategemeo yake yalikuwa ngurunga, yale mashimo ya mawe yanayohifadhi maji ya mvua. Kutoka hapo wasafiri waliutafuta mlima wa Maungu, kisha ama Kasigau upande wa kusini, ama milima ya Saghala na Taita. Waliokwenda Uchagga walipitia Bura hadi Taveta, ambako kulikuwa na msitu, mto Lumi na chakula. Taveta ilijulikana na kila mfanyabiashara kuwa ni kituo cha kupumzika na kujaza mizigo.

Jina la Voi lenyewe lina harufu ya biashara hiyo. Wenyeji husimulia kuwa latokana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyekuwa akileta pembe Pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Wazungu walipoanza kuandika habari za njia hii, tayari ilikuwa ya zamani. Mmishonari Johannes Rebmann alifika Kasigau mwezi wa Oktoba 1847. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 1848, akauona Kilimanjaro, na habari hiyo ikamfanya awe maarufu Ulaya. Lakini hakuitafuta njia yeye. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezoea kwenda na misafara Uchagga na aliyewajua wakubwa wa huko. Vitabu vya shule humtaja Rebmann, na Bwana Kheri wakamsahau. Joseph Thomson naye, alipokwenda Umasaini mwaka 1883, alianzia Rabai na kufuata njia ile ile hadi Taveta.

Baadaye zikaja njia nyingine juu yake. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutengeneza barabara ya magari ya ng'ombe mwaka 1890, na jina la mwenyekiti wake, Mackinnon, likabaki pale njiani mpaka leo. Mwaka 1896 ikaanza reli kutoka Mombasa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakajenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta ili kupeleka askari kupigana na Wajerumani. Mwaka 2017 ikazinduliwa reli mpya. Zote hizo zilipita katika ushoroba ule ule, kwa sababu milima na maji havikuhama.

Je, njia ya miguu isiyo na jiwe wala lami huchimbwaje? Jawabu ni kuwa mwanaakiolojia haichimbi njia yenyewe, huchimba vituo. Watu wakilala pahali pamoja miaka mia mbili huacha majivu, mifupa ya wanyama waliokula, vigae vya vyungu, shanga zilizodondoka, kauri na vipande vya vyuma. Ukikuta kauri katika pango la Kasigau wajua ilitoka baharini, maana mlimani hakuna kauri. Ukivikuta vituo hivyo kimoja baada ya kimoja, kila kimoja karibu na maji, unaweza kuichora njia hata kama nyasi zimeshaifunika.

Walikuwako kabla ya misafara

Watafiti waliofanya kazi kubwa zaidi huko ni Profesa Chapurukha Kusimba na Sibel Kusimba, pamoja na wenzao. Kusimba ni Mkenya, na sisi wa Pwani twamjua kwa uchimbaji wake wa Mtwapa. Kuanzia miaka ya 1990 alipanua kazi yake kutoka pwani kwenda Tsavo na Kasigau kwa sababu ya swali moja rahisi: ikiwa miji yetu iliuza pembe, ngozi na nta ng'ambo, vitu hivyo vilitoka wapi, na nani alivileta?

Jawabu waliloliona ni kuwa nyika haikuwa tupu hata siku moja. Walikuwako wawindaji, ambao leo twawaita Waata. Walikuwako wafugaji, na walikuwako wakulima wa milimani waliojua kufua chuma. Kila kundi lilihitaji kitu cha mwenziwe, na baina yao palikuwa na maagano ya udugu wa damu yaliyomwezesha mgeni kupita salama.

Kandokando ya mto Galana, ndani ya Tsavo, David Wright alichimba makazi ya wafugaji walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Humo walipatikana na mawe meusi ya volkano, yale yanayong'aa kama kioo na yenye makali ya wembe, ambayo asili yake ni Bonde la Ufa. Basi watu walikuwa wakibadilishana vitu kutoka Bonde la Ufa hadi karibu na bahari kabla ya kujengwa msikiti wa kwanza wa mawe katika mwambao huu. Msafara wa Bwana Kheri ulikuwa ukikanyaga nyayo za kale mno.

Kaburi husema nini?

Hapa pana jambo la kuelezwa taratibu, kwa sababu kufukua kaburi si jambo dogo kwetu. Tumefunzwa kuwa mfupa wa maiti una heshima kama wa aliye hai. Basi mtu ana haki ya kuuliza: kuna haja gani?

Kwanza tujue kazi yenyewe inavyokwenda. Kibali kikipatikana, eneo hugawanywa kwa kamba katika miraba iliyo sawa. Udongo huondolewa kwa mwiko wa mwashi na brashi, tabaka baada ya tabaka, kidole kwa kidole. Kila kilichotoka huandikwa kimetoka mraba gani na kina gani, na udongo hupitishwa katika chekeche ili hata ushanga mmoja usipotee. Mtu aliyelazwa hupigwa picha na kuchorwa kabla hajaguswa: ameelekezwa upande gani, amekunjwa au amenyooshwa, ana nini shingoni. Mazishi ya Kiislamu yajulikana mara moja, maiti akilazwa kwa ubavu, uso umeelekea kibla, bila ya kitu chochote pamoja naye. Mtu aliyezikwa na shanga zake na bangili zake ana habari nyingine.

Umri hupimwa kwa makaa na mifupa. Kila kiumbe kilicho hai kina aina ya kaboni ambayo huanza kupungua kikifa, na nusu yake huisha kila baada ya miaka kama 5,730. Lakini kwa mambo ya miaka mia tatu ya karibuni kipimo hicho hakina makali, na hapo ndipo ushanga mdogo unaposhinda mashine. Aina na rangi za shanga zilibadilika kwa zamani zake, kama vile leo leso za mwaka huu si za mwaka jana. Anayezijua shanga aweza kulikisia kaburi ni la wakati gani.

Meno nayo huonyesha njaa ya utotoni. Uti wa mgongo huonyesha kama mtu alibeba mizigo mizito. Na siku hizi, kutokana na mfupa mgumu ulio karibu na sikio, wataalamu hupata vinasaba, yaani ile asili ya damu tunayorithi kwa mama na baba.

Makwasinyi na Mtwapa

Makwasinyi ni kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, kiasi cha kilomita 100 kutoka baharini. Tarehe 29 Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Waliotoka Pwani walizikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 katika miji sita: Mtwapa, Manda na Faza kwa upande wa Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi kwa upande wa Tanzania. Mji wa saba ulikuwa Makwasinyi, na waliozikwa huko ni wa baada ya 1650.

Gazeti baada ya gazeti liliandika sehemu moja tu ya matokeo yake: kuwa wengi wa watu wale wa miji ya Pwani walikuwa na damu ya Uajemi kwa upande wa baba na ya Afrika kwa upande wa mama, na kuwa mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Walioshikilia nasaba za Shirazi wakafurahi. Waliokwisha kusema kuwa Shirazi ni hekaya tupu wakanuna. Mabishano yakaendelea barazani.

Kwangu mimi kubwa zaidi ni lile ambalo halikusemwa sana. Ile damu ya Afrika iliyokuwa ndani ya watu wa Mtwapa na Manda yafanana na ya watu wa Makwasinyi: damu ya wakulima wa Kibantu iliyochanganyika kidogo na ya wafugaji wa kale. Kule Kilwa mambo ni mengine, hiyo ya wafugaji haionekani hivyo. Kwa maneno mengine, bibi zetu wa miji ya kaskazini hawakutoka Afrika tu, pahali pasipojulikana. Walikuwa jamaa wa watu wa nyuma yetu hapa hapa, wa upande ule ambao njia ya misafara ilikuwa ikielekea.

Lazima niweke tahadhari mbili. Vinasaba havisemi mtu aliongea lugha gani wala aliabudu vipi, na Uswahili ni lugha, mila na uungwana kabla ya kuwa damu. Tena, wengi wa waliochimbuliwa Pwani walizikwa karibu na misikiti, makaburi ya watu wenye hadhi. Fukara na mtumwa hawakuzikwa hapo, na habari zao bado. Hata hivyo, bila ya makaburi ya Makwasinyi tusingekuwa na kipimo cha kulinganishia. Kijiji kidogo cha Kasigau kimetusaidia kuyasoma makaburi ya Mtwapa.

Habari isiyopendeza

Njia hii haikupitisha pembe na nguo za merikani pekee. Katika majabali ya Kasigau mna mapango ambayo midomo yake imezibwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila ya chokaa, yakaachiwa kijilango chembamba cha kuingia mtu kwa kuinama. Kusimba aliyachimba na kuyapima, na akaeleza kuwa ni ngome za watu waliokuwa wakijificha pamoja na mifugo yao wakati biashara ya utumwa ilipopamba moto, karne za 18 na 19. Watu waliyaacha makazi ya tambarare wakapanda juu. Yale maagano ya udugu ya zamani yakavunjika, kwa sababu mgeni hakuaminika tena.

Nani aliwafanya waogope? Watekaji walikuwa wa makabila mengi, na wanunuzi walikuwa mwambao huu. Tusiikwepe habari hiyo. Ukuta wa Kasigau na nyumba ya mawe ya Mombasa ni sehemu mbili za hadithi moja, na mwenye kujivunia moja hana budi kuitazama ya pili.

Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi na dhiki, na waliosalia walirudi katika miaka ya 1930. Kwa hivyo yako makaburi ya Wakasigau huku Pwani pia. Na fikiria jinsi kizazi kizima kilivyotenganishwa na milima yake: wazee waliojua nani kalala wapi, wangapi walirudi kuonyesha?

Mifupa isiposikilizwa wenyewe

Mwaka 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli pale daraja la Tsavo. Mhandisi wao, Patterson, baada ya kuwaua aliona pango lenye mifupa ya watu na bangili za shaba, akaamini ni tundu la simba hao. Dunia ikamwamini miaka mia. Watafiti walipolipata tena pango hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, Kusimba akiwemo, walisema lafanana zaidi na pango la maziko la wenyeji. Simba hawavai bangili wala hawawavishi wanaowala. Mtu aliyepumzishwa na jamaa zake aligeuzwa mabaki ya chakula cha mnyama, kwa sababu hakuulizwa mtu anayeijua mila.

Na mila ilikuwapo. Wataita wa zamani walimzika mtu, kisha baada ya muda fuvu lake likatolewa kwa heshima na kuwekwa katika pango la ukoo, pamoja na wakubwa waliotangulia. Huko ndiko jamaa walikokwenda kuwaomba wazee wao mvua na afya. Pamoja na misitu yao mitukufu, fighi, mapango hayo yalikuwa ndiyo hati ya ardhi: mafuvu ya babu zangu yako hapa, basi hapa ni petu.

Mafuvu zaidi ya 80 ya Wataita yalichukuliwa zama za ukoloni na yamewekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mtaalamu wa Marekani, William Howells, aliyapima, na vipimo vyake vimetumiwa na maabara nyingi duniani kulinganishia mafuvu yasiyojulikana. Ulimwengu wa wasomi wawajua Wataita kwa nambari. Siamini kuwa jamaa zao waliombwa ruhusa.

Tofautisha hilo na uchimbaji wa Mtwapa, uliofanywa kwa idhini ya jamii, na mifupa ikarudishwa ardhini. Kwa hivyo swali si kuchimba au kutochimba tu. Swali ni nani kaombwa ruhusa, nani yupo wakati wa kuchimba, na maiti watarudi lini.

Wewe na mimi tufanyeje?

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yasema hakuna kuchimba mambo ya kale bila ya leseni, na kuwa mtu akigundua kitu au mahali pa kale ana siku saba kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akieleza ni wapi hasa na amekipataje. Kwa watu wa Pwani ofisi zao ziko Fort Jesus. Miradi mikubwa nayo hutakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira kabla ya kuanza. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la makumbusho ya ngazi yao. Basi si Nairobi peke yake ya kulaumiwa.

Lakini sheria haimfikii mwenye trekta saa tano asubuhi. Anayefika kwanza ni kibarua, mchimba vito, mchunga ng'ombe na mwenye shamba. Kwao nina maneno machache. Ukiona rundo la mawe lililopangwa mahali ambapo mawe hayakupangika yenyewe, mifupa, vigae vingi pamoja, au shanga, simama. Usikichukue kitu, maana ushanga ukiwa mfukoni mwako hausemi kitu, ila ukiwa pale ulipolala wasema mengi. Pafunike, piga picha, mwite mzee wa mtaa na chifu, kisha taarifa iende Makumbusho. Hakuna dhahabu katika makaburi hayo. Aliyeyavunja kwa kutafuta hazina amevunja kaburi la mtu na hakupata kitu.

Kwa viongozi wa kaunti zetu, Mombasa, Kilifi, Kwale na Taita Taveta, ombi langu ni moja: wakae pamoja waitangaze njia hii kuwa urithi mmoja, kutoka Rabai hadi Taveta, vituo vyake viwekewe vibao na vijana wa Kasigau wafunzwe kuwa walinzi na waongozaji. Na wazee wa Taita wakiomba mafuvu yao yarudi kutoka Cambridge, sauti za Mombasa, Lamu na Malindi zisikike pamoja nao. Mimi nayahesabu mafuvu hayo kuwa ni ya jamaa zetu, na sasa hata sayansi haina neno la kunikataza.